Mkia wa Bizari

Nilihamia kwa kaka yangu, Tabata, Dar es Salaam, kwa kuwa paa la nyumba yangu lilikuwa likiezekwa upya, na fundi aliyeniahidi wiki tatu aliimaliza kazi baada ya miezi minne. Nilikwenda na masanduku mawili ya nguo, jiko la gesi, na tundu la ndege lililofunikwa kanga ili aliyekuwa ndani asitaharuki njiani. Sebuleni kwa kaka kulikuwa na tangi la samaki ambalo wageni hulisalimia kabla ya kuwasalimia wenye nyumba: mita 2 kwa urefu, sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina, yaani lita 720 likijazwa hadi ukingoni, likiwa limekaa juu ya meza ya chuma iliyochomelewa kwa kazi hiyo, kwani hapakuwa na kabati la mbao pale nyumbani la kuaminika kwa uzito ule. Wifi yangu alilitazama tundu, akalitazama tangi, akaniuliza, "Wifi, hawa wataelewana?" Nikamjibu kwamba mmoja anaishi hewani na wengine wanaishi majini, kwa hiyo hata wakitaka kugombana watakutania wapi. Jibu hilo wifi hunikumbusha mpaka leo.

Ndege wangu ni kokateli, kasuku mdogo mwenye shungi ambaye asili yake ni Australia, lakini kwa miaka mingi sasa amekuwa akizalishwa na wafugaji katika nchi nyingi, hata wanaouzwa madukani kwa kawaida hawajui pori ni nini. Ana uzito wa gramu 90 hivi, kama yai moja na nusu la kuku, na karibu nusu ya urefu wake wa sentimita 32 ni mkia. Uso wake ni wa njano na kila shavu lina doa la rangi ya chungwa, ndiyo maana nilimwita Bizari. Anayemfuga ndege wa aina hii hujifunza kulisoma shungi kama nahodha anavyolisoma tanga: likisimama wima ameshtuka au amevutiwa na jambo, likilegea nusu ametulia, na likibanwa bapa kichwani huku akitoa mlio kama wa nyoka, afadhali kidole kikae mbali. Vilevile hutoa unga. Baadhi ya manyoya yake laini ya ndani hukatikakatika na kuwa vumbi jeupe ambalo humsaidia kuyatunza manyoya mengine, na vumbi hilo hutua popote. Wiki ya kwanza kaka aliona utando mwembamba juu ya maji ya tangi, akadhani mkewe amekaanga kitu karibu. Nikawa naupangusa utando ule kwa karatasi ya jikoni kila asubuhi, nikiamini kwamba ugomvi wetu wote wa ndege na samaki ungeishia hapo.

Ndani ya tangi walikuwamo samaki watatu. Wawili ni oska, wanene, wa sentimita 30, weusi wenye mabaka ya rangi ya moto, na penye shina la mkia wana duara linalofanana na jicho. Asili yao ni bonde la mto Amazon, lakini wako katika ukoo mmoja na sato na perege wetu, na aliyewahi kumparua perege atautambua mara moja ule msururu wa miiba mgongoni. Wa tatu ni arowana wa rangi ya fedha, karibu sentimita 65, mwembamba, mgongo umenyooka kama rula na tumbo limepinda, ambaye watoto walimpa jina la Jambia. Mwili wote wa arowana umeumbwa kwa kutazama juu. Macho yako karibu na utosi, mdomo hufungukia juu, na sharubu mbili hutangulia mbele ya kidevu. Huko kwao, misitu inapofurika, huogelea chini ya matawi na kuruka nje ya maji ili kunyakua mbawakawa na buibui, na ndege wadogo nao wamewahi kukutwa tumboni mwake. Hayo nilikuja kuyasoma baadaye. Wakati ule nilimwona kama pambo la gharama kubwa.

Kila Jumamosi asubuhi watoto wa kaka walikwenda kwenye kiwanja kisichojengwa nyuma ya nyumba kukamata panzi, wakawarudisha katika chupa ya maji iliyotobolewa kwa msumari. Mkubwa wao, wa miaka 11, ndiye aliyekuwa na haki ya kulisha. Alimshika panzi kwa miguu ya nyuma, akamning'iniza juu ya maji, na Jambia alizunguka mara mbili, akajikunja kama herufi S, kisha akafyatuka. Walianza mwaka uliotangulia kwa panzi kugusa maji, wakapandisha hadi shubiri moja, na siku nilipofika mimi walikuwa wamefikia dhiraa. Mezani palipigwa makofi. Nami nilipiga.

Bizari alilivumbua tangi kwa sababu ya uso wake mwenyewe. Jioni, taa ya tangi ikiwa imezimwa na ya sebuleni inawaka, kioo kile kinakuwa kama cha kujitazamia, na ndege dume akiona dume mwenzake mzuri namna ile hawezi kunyamaza. Alisimama juu ya egemeo la kochi lililokuwa karibu, akainua mabega mpaka mabawa yakafanya umbo la kopa, akapiga mluzi wa wimbo ambao nilimfundisha kwa wiki sita na ambao hajapata kuumaliza. Kwa upande wa pili wa kioo, oska walikuja. Walisimama hapo wakipepea mapezi taratibu, pua zao zikikaribia kugusa kioo, wakimfuata kila aliposogea. Jambia alipita juu yao akirudi na kupita tena. Tuliwapiga picha za video, tukazituma kwenye kundi la familia, na ndugu wakajibu kwa mioyo na vicheko kwamba kumbe hata wanyama wanajua ujirani mwema. Mama mkubwa aliyeko Muscat ndiye pekee aliyeandika tofauti: "Huyo samaki hachezi, anapima." Tulicheka pia.

Kabla ya kusimulia jioni yenyewe sina budi kulitaja jambo ambalo kwa muda mrefu nililiacha nje nilipowasimulia watu. Siku tisa kabla, nilikuwa nimemkata Bizari mabawa. Nyumba ya kaka ina pangaboi sebuleni, ina watoto wanaosahau milango, na madirisha mawili hayakuwa na wavu, kwa hiyo nilimfunga kwa taulo, nikanyoosha kila bawa, nikayapunguza kwa mkasi manyoya 6 makubwa ya nje upande wa kulia na 6 upande wa kushoto. Hakuna damu wala maumivu iwapo manyoya yamekwisha kukomaa, ni kama kukata kucha. Ndege aliyekatwa hivyo bado anaweza kuruka, ila hawezi kupanda. Hushuka kwa mshazari mpaka atue pale anapofikishwa na mshazari huo. Nilijiona mlezi makini. Nilikuwa nimemkinga na feni iliyo juu, sikufikiria kilicho chini.

Umeme ulikatika saa 1 na dakika 20 usiku, siku ya Jumanne. Kaka hakuwapo. Katika nyumba yenye tangi kubwa, umeme ukikatika si taa peke yake inayozimika: pampu ya hewa husimama, filta husimama, na samaki watatu wa ukubwa ule huendelea kuitumia hewa iliyomo majini. Kaka alikuwa amewafundisha wote la kufanya, nao walilifanya vizuri. Kifuniko huondolewa, mtu huchota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yavute hewa, tena na tena, mpaka umeme urudi. Mwanawe mkubwa aliweka kifuniko sakafuni, akashika jagi kwa mkono wa kulia na simu yenye tochi kwa mkono wa kushoto, akaanza. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta mshumaa. Bizari nilimwacha juu ya egemeo la kochi, nikijua kwamba gizani hutulia.

Hutulia, isipokuwa anaposhtuliwa. Wafugaji wa kokateli wanaufahamu ule mfadhaiko wa usiku, ambapo kishindo kidogo humfanya ndege aruke ovyo gizani mpaka ajiumize. Jirani aliwasha jenereta, nayo ilikohoa mara moja kama mlio wa bunduki kabla ya kushika. Nilisikia mabawa. Sebule yote ilikuwa giza, na palikuwa na mwanga mahali pamoja tu, mwanga mweupe wa simu uliokuwa ukimulika maji. Ndege aliyeshtuka usiku huukimbilia mwanga. Angekuwa na mabawa yake kamili pengine angefika kwenye pazia au begani kwa kijana. Kwa yale niliyomwachia alishuka kwa mshazari, akatua juu ya upau wa kioo unaopita katikati ya tangi kuzizuia kuta zisitanuke.

Nilikuwa nimefika mlangoni, mshumaa mkononi haujawashwa. Namkumbuka alivyokuwa: amesimama kwa miguu miwili juu ya upau wenye upana wa kiganja, shungi wima kama sindano, mkia wake mrefu ukining'inia nyuma juu ya maji. Kijana alifanya ambalo mtoto yeyote mwenye huruma angefanya. Aliondoa jagi taratibu ili asimtishe, akamshikia mwanga. Maji yalitulia. Kumtazama ndege yule, na mkono wa mtoto, na maji yaliyomulikwa, kulikuwa ni kuitazama Jumamosi asubuhi, ila panzi alikuwa amekuwa mkubwa.

Jambia hakutokea chini yake. Alitokea upande wa nyuma, kwenye kona yenye giza. Nilisikia kabla sijaona: mdomo ukifumba, mlio mkavu kama wa sanduku la bati, halafu mwili wa samaki ukigonga upau. Aliupata mkia. Bizari alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia tena kwake, akaangukia majini, na Jambia, ambaye nguvu ya mruko wake ilikuwa kubwa kuliko tangi, alitoka upande wa pili na kuanguka kwenye vigae.

Nilitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndege aliyelowa hana umbo ulilozoea, ni kitu chembamba kinachoteleza, na kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kimemshika mguu, mdomo mpana, laini, usio na haraka hata kidogo. Nilivuta. Oska aliachia. Muda wote huo mwanga haukutikisika, kwa maana kijana alikuwa akilia kwa sauti huku mkono wake ukiwa umenyooka vilevile juu ya maji. Nyuma yangu wifi, ambaye hakuwa amewahi kumgusa samaki yule, alivua mtandio wake, akauchovya kwenye tangi, akamfunika nao Jambia, akambeba kama mtoto mchanga na kumrudisha majini.

Mwili wa ndege una joto la zaidi ya nyuzi 40, na kokateli aliyelowa mpaka kwenye ngozi hulipoteza joto hilo upesi mno. Kwa kawaida ningemwashia balbu, lakini umeme ndio huo haukuwapo. Nilichemsha maji kwenye jiko la gesi, nikayachanganya na ya baridi mpaka mkono ukaweza kuyastahimili, nikayatia katika chupa, nikaifunga kwa kanga na kuilaza ndani ya boksi la viatu pamoja naye. Kisha nikampigia daktari wa mifugo. Aliniambia nisimkaushe kwa moto, nisimlazimishe kunywa chochote, nimweke gizani pasipo kelele, na niangalie pumzi zake. "Utazame mkia," alisema. "Ukiona unapanda na kushuka kila anapovuta hewa, maji yameingia ndani, umlete usiku huu huu."

"Daktari, hana mkia."

Kimya kidogo. "Basi tazama kifua."

Nilikitazama kifua mpaka alfajiri. Asubuhi daktari alikuta mapafu yako salama na ngozi ya mguu imechunika, akaandika dawa ya matone mara mbili kwa siku kwa siku kumi, kwa kuwa maji ya samaki, hata yakiwa maangavu kiasi gani, yana bakteria ambao hawana madhara majini na wana madhara makubwa kwenye kidonda. Alinionyesha pia kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikimshika ndege wangu vibaya. Ndege hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo ambao sisi hutumia kuvuta pumzi. Yeye hupumua kwa kusogeza mfupa wa kifua mbele na nyuma, hivyo ukimbana kifua kwa upole wote ulio nao, unamnyima hewa. Ashikwe shingo kwa vidole viwili, kifua kiachwe wazi.

Kaka aliporudi alikwenda kwanza kwenye tangi. Jambia alikuwa amepoteza magamba matano ubavuni, makubwa kama kucha za dole gumba, na ule sharubu wa kushoto ulikuwa umekatika katikati; alikaa siku tisa bila kula. Nilimweleza kaka yote, nikimsisitizia jinsi samaki wake alivyomrukia ndege wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, samaki wangu hakutoka kwenda kumtafuta ndege wako." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu mwanawe alinijia chumbani, akasema, "Shangazi, mimi ndiye niliyemulika." Hapo ndipo nilipolazimika kuzihesabu zile hatua moja moja mbele ya mtoto, nikaona kwamba hatua yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Alimulika dakika moja. Sisi wakubwa tulikuwa tumepiga makofi mwaka mzima, na mkasi ulikuwa wangu.

Usiku wa zile siku kumi za matone nilisoma sana, labda kwa kutaka kujua kama lililotokea ni kituko. Sisi watu wa pwani tumezoea mambo yaende upande mmoja: furukombe hula samaki, mdiria hula samaki, korongo hula samaki. Kumbe upande wa pili upo na ni wa kawaida kuliko nilivyodhani. Mwaka 2011, katika bwawa la Schroda lililoko Mapungubwe, Afrika Kusini, watafiti waliwaona kibebe, wale samaki wenye meno ya kutisha ambao wavuvi wa Ziwa Tanganyika nao wanawajua, wakiwadaka mbayuwayu walio angani. Walitumia mbinu mbili: kumfukuzia ndege juu ya uso wa maji kisha kuruka, au kufyatuka kutoka chini alikokuwa hawezi kuonekana. Katika kisiwa cha Farquhar, Shelisheli, kolekole wakubwa huwanyakua buabua wachanga wanaojifunza kuruka. Na huko Albi, Ufaransa, kambare wakubwa wa mto Tarn hujirusha nchi kavu kuwakamata njiwa wanaokunywa maji. Watafiti walihesabu mashambulizi 54, na asilimia 28 yalifanikiwa. Nilipoisoma tarakimu hiyo nilimwona Jambia kwa macho mengine. Hakuwa amepagawa. Hakuwa hata amekosea, maana alipewa mwanga, mkono, utulivu wa maji na kitu kinachoning'inia, kama alivyozoeshwa.

Mabadiliko ya nyumbani yalikuwa ya haraka na hayana mengi ya kusimulia. Fundi alitengeneza kifuniko cha fremu ya alumini na wavu wa chuma, ambacho kinapitisha hewa na hakiondolewi umeme ukikatika. Kaka alinunua pampu ndogo ya betri. Panzi sasa hutupwa majini, hawaning'inizwi, na watoto walilalamika wiki moja wakasahau. Madirisha mawili yalitiwa wavu, na pangaboi huzimwa Bizari anapokuwa nje ya tundu. Kabla ya Magharibi huwa ameshaingia ndani, chumbani kwangu. Mkasi sijaushika tena, ingawa nawafahamu wafugaji makini wanaokata na sina ugomvi nao.

Kuhusu mkia, daktari alikuwa amenieleza jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipoliona. Ndege akishikwa na adui anaweza kuyaachia manyoya ya mkia, na manyoya yaliyong'oka na shina lake huanza kuota mara moja, kwa kuwa tundu lake kwenye ngozi limebaki tupu. Lakini unyoya uliokatwa kwa mkasi shina lake bado limo, na mwili hauna habari kwamba kuna kilichopungua. Utakaa hivyo hivyo mpaka ndege atakapopukutisha manyoya yake kwa wakati wake, pengine baada ya miezi mingi. Siku ya kumi na mbili niliona vijiti vyeupe vikichomoza nyuma yake, kila kimoja ndani ya ala kama ncha ya kalamu. Aliziparura ala hizo kwa mdomo, na unga ukajaa chumbani. Wiki ya nne alianza tena kusimama akiwa amenyooka.

Wiki ya saba kaka aliifungua filta kuisafisha, na mwanawe akaniletea unyoya mmoja wa mkia uliokuwa umenasa kwenye sponji, umelowa na kubadilika rangi kama chai. Niliukausha dirishani. Jioni, Bizari akiwa begani kwa kijana, niliusogeza kando ya mkia mpya tupate kulinganisha, na mkia mpya ulikuwa umepungukiwa upana wa kidole kimoja tu. Bizari alijinyoosha, mguu mmoja nyuma, mabawa yote mawili wazi, na kingo za mabawa zilikuwa bado zimenyooka pale pale nilipopitisha mkasi.